Hadithi Njoo, Uongo Njoo: Ngano za Wazee Wetu katika Mizani ya Dini

 

  Mwaka huu tumeona tutumie nafasi hii kuzungumzia jambo ambalo limeleta maswali mengi katika madrasa yetu, nalo ni usomaji wa ngano za wazee wetu. Tunaposema ngano hatuna maana ya zao la mashamba ya Basotu kule Hanang', bali vile visa vya Sungura na Fisi, vya Kima na Papa, vya Abunuwasi na Sultani, ambavyo babu na bibi wa kila kabila wamewasimulia wajukuu zao tangu zamani.

Siku za Alhamisi, baada ya wanafunzi kumaliza kusikilizishana sura walizohifadhi, tumekuwa tukiwasomea kisa kimoja na kukijadili kwa muda mfupi kabla ya kuwaruhusu kwenda nyumbani. Haukupita muda mrefu, mzazi mmoja akatujia baada ya swala ya Alasiri. Akasema, "Ustadh, mimi mwanangu nimemleta hapa ajifunze Qur'ani. Jana karudi na habari za kima na papa, na kila anapoanza anasema 'uongo njoo'. Hiyo nayo ni elimu ya madrasa?"

Tulimpokea mzee wetu kwa heshima, kwa sababu swali lake ni la haki. Mzazi analipa ada, anamwamsha mtoto, anamnunulia msahafu na kanzu. Ana haki ya kujua mwanawe analishwa nini. Makala hii ni jibu letu kwake, na kwa kila mzazi mwenye swali kama lake.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Kwanza tukubali kuwa lugha yetu ya Kiswahili imetuwekea mtego. Neno "hadithi" tunalitumia kwa maneno ya Mtume (S.A.W.), na neno hilo hilo tunalitumia kwa visa vya Sungura. Kwenye hafla moja ya wazazi, mtoto wa miaka saba aliombwa atusomee hadithi moja. Tulitarajia hadithi ya nia. Mtoto akasimama, akaweka mikono nyuma, akapaza sauti: "Hadithi, hadithi!" Kina mama nyuma wakajibu wenyewe bila kupanga, "Hadithi njoo!" Ukumbi mzima ukacheka, na mtoto akaendelea na Sungura wake hadi mwisho.

Tulicheka sote, lakini jambo lenyewe si dogo. Mtume (S.A.W.) ametoa onyo kali, lililopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kumzulia uongo kwa makusudi ajiandalie makazi yake Motoni. Mtoto asiyejua tofauti ya hadithi na hadithi anaweza kukua akachanganya vitu viwili ambavyo haviruhusiwi kuchanganywa kabisa. Ndiyo maana katika madrasa yetu sasa tunasema "Hadith ya Mtume" kwa ile yenye isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi unaojulikana mmoja baada ya mwingine, na tunasema "ngano" kwa kisa cha wazee ambacho hakina mpokezi wala hakidai kuwa kilitokea. Jambo la ajabu ni kwamba watoto walielewa somo la isnadi vizuri zaidi baada ya kulinganisha na ngano. Walipoulizwa nani alimwona kima akizungumza na papa, wote walijibu, "Hakuna." Walipoulizwa nani alimsikia Mtume akisema maneno fulani, wakawa na jina la swahaba la kutaja.

JE, KUSIMULIA NGANO NI KUSEMA UONGO?

Hili ndilo lililomsumbua mzazi wetu, hasa ule mwitikio wa "uongo njoo, utamu kolea". Na kweli yapo maneno ya Mtume (S.A.W.) yaliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, yanayomwonya vikali mtu anayesema uongo ili kuwachekesha watu. Aidha, wafasiri wa Qur'ani wameeleza kuhusu aya ya 6 ya Suratu Luqman, inayowalaumu wanaonunua maneno ya upuuzi, kwamba baadhi ya wapokezi wanaihusisha na An-Nadhr bin Al-Harith, Mkuraishi aliyeleta visa vya wafalme wa Uajemi ili kuwavuta watu waiache Qur'ani.

Tukiitazama aya hiyo vizuri tunaona sababu ya lawama imetajwa ndani yake: kuwapoteza watu na njia ya Allah. An-Nadhr hakulaumiwa kwa kuwa anajua visa. Alilaumiwa kwa kuvifanya kuwa mpinzani wa Wahyi. Ama uongo ulioharamishwa ni kumpa mtu habari isiyo kweli ili aiamini. Msimulizi wa ngano hafanyi hivyo. Kabla hajatamka lolote anawatangazia wasikilizaji wake kuwa kinachokuja si habari, nao wanaitikia kwamba wamelijua hilo. Ule mwitikio wa "uongo njoo", uliomtia hofu mzazi wetu, ndio uaminifu wa msimulizi. Watu wa pwani husema "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!", na kazi yake ni ile ile. Mzushi wa mtaani anayesambaza uvumi kwenye simu hatangulizi neno kama hilo. Yeye huanza kwa kuapa.

Tena tunajua kutoka kwa Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alimsimulia Mtume (S.A.W.) kisa kirefu cha wanawake kumi na mmoja waliokaa wakaelezana habari za waume zao, wa mwisho wao akiwa Ummu Zar'i. Mtume alimsikiliza mkewe hadi mwisho, kisha akamjibu kwa maneno ya upole yanayotokana na kisa hicho hicho. Hakumkatiza kwa kuwa ana kazi kubwa zaidi. Nao wanazuoni wa lugha hawakuvikimbia visa vya kubuni. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 516 Hijria (1122), alikitetea kitabu chake cha Maqamat kwa hoja ya visa vya wanyama ambavyo watu walikuwa wakivisoma kabla yake kwa ajili ya mafunzo.

Wapo wanazuoni waliokaza zaidi katika suala hili na tunawaheshimu. Sisi tunachosema ni kwamba ngano inayojulikana kuwa ni ngano, ikasimuliwa kwa mafunzo, isimtoe mtu kwenye swala wala Qur'ani, haimo katika lile onyo.

SAFARI YA KIMA NA PAPA

Sasa tukisome kisa chenyewe kilicholeta mzozo. Kima alifanya urafiki na Papa. Kima alikaa juu ya mkuyu uliosimama kando ya bahari, akila matunda na kumtupia rafiki yake majini. Siku moja Papa akamwomba waende kwao, akampakia mgongoni. Walipofika kwenye kina kirefu Papa akamwambia ukweli: Sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamjibu kwa utulivu, "Mbona hukuniambia mapema? Sisi tukitoka mioyo yetu tunaiacha mtini. Turudi nikauchukue." Papa akageuka. Walipofika ufukweni Kima akaruka juu ya mkuyu, na hakushuka tena.

Kisa hiki kimo katika kitabu cha Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye kuwa askofu. Aliviandika visa kama alivyovisikia kwa watu wa Unguja, akavichapisha London mwaka 1870 kwa Kiswahili na Kiingereza. Lakini kisa hakikuanzia Unguja. Kimo katika kitabu cha Kiarabu cha Kalila wa Dimna, ambacho Ibn Al-Muqaffa alikifasiri katika karne ya 8 kutoka Kiajemi cha kale, na kabla ya hapo kilikuwa India. Huko India aliyembeba kima alikuwa mamba. Katika Kiarabu ni kobe wa majini, na mti ni mtini. Kilipofika kwetu kobe amekuwa papa na mtini umekuwa mkuyu, ambao nao ni wa jamii ya mtini.

Tulipomwambia mwanafunzi mmoja akisimulie tena wiki iliyofuata, papa alikuwa amekwisha geuka kiboko. Hakuwahi kuiona bahari, lakini viboko wa Ziwa Babati anawajua. Wenzake wakampinga kwamba kiboko hali nyama. Akawajibu, "Sijasema anataka kula. Nimesema ni dawa." Visa vya aina hii husafiri hivyo: kila nchi huvivisha nguo zake, na mtoto wetu alikuwa ameongeza kituo kimoja cha safari iliyochukua zaidi ya miaka elfu moja.

KIMA ALIPATA DHAMBI?

Swali lililofuata liliulizwa na binti wa darasa la sita: "Ustadh, kima alisema uongo. Angekuwa mtu, angepata dhambi?" Darasa likagawanyika. Hapo tuliona faida ya ngano kuliko siku zote, kwa sababu mlango mgumu wa fiqhi ulikuwa umefunguliwa na mtoto mwenyewe.

Tuliwaeleza kuwa asili ya uongo ni haramu, na Muislamu hulelewa juu ya ukweli. Lakini Imam An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Riyadhus Salihin kwamba lengo jema likiwezekana kufikiwa bila ya uongo, uongo unabaki kuwa haramu. Na kama mtu amejificha kwa kumwogopa dhalimu anayetaka kumuua, basi kumficha ni wajibu, hata kama itahitajika kumwambia dhalimu maneno yasiyo ya kweli. Kwa hiyo nafsi isiyo na hatia ina uzito wake kwenye mizani ya sheria.

Kisha tukawauliza nani katika kisa hiki amesema kweli. Wakafikiri. Papa! Papa alisema kweli tupu katikati ya bahari, lakini alikuwa amemkhini rafiki yake aliyemwamini na kupanda mgongoni mwake. Basi mtu anaweza kusema kweli naye ni mkhaini. Hilo watoto walilishika, na hatudhani wangelishika vile kama tungeliandika ubaoni.

Baadaye kima anamsimulia papa kisa cha punda wa dobi. Punda alidanganywa na sungura akaenda kwa simba, akaponea chupuchupu, kisha akadanganywa mara ya pili akarudi na kuuawa. Sungura akala moyo na masikio, na simba alipouliza, akamwambia kuwa punda yule hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi. Hapa wanafunzi wakubwa wenyewe walikumbuka Hadith ya Mtume (S.A.W.) katika Bukhari na Muslim, kwamba muumini hapaswi kuumwa mara mbili kutoka tundu moja.

SUNGURA KISIMANI

Lakini si kila mjanja ni kima. Katika ngano nyingi za kwetu Sungura hadanganyi ili aokoe roho yake. Anadanganya ili ale bila kufanya kazi, na watoto wanamshangilia. Hapa wazazi wana sababu ya kuwa na wasiwasi. Mtoto akimshangilia mwizi mcheshi kila jioni bila mtu wa kumuuliza lolote, atajifunza kuwa ujanja unatosha.

Tuchukue ile ngano inayojulikana sana ya kisima. Wanyama wote walichimba kisima wakati wa ukame, Sungura akakataa kuchimba. Maji yalipopatikana akawa anakuja kwa hila, anakunywa na kuyachafua, hadi Kobe mwenye gamba lililopakwa ulimbo alipomnasa. Tulipowauliza wanafunzi nani amedhulumiwa, wote walisema ni wanyama waliochimba. Mvulana mmoja peke yake akanyoosha kidole: "Lakini maji si hayanyimwi?"

Ni kweli. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama alivyopokea Abu Dawud, kuwa Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto, na amekataza kuyazuia maji ya ziada. Kwetu Manyara, ambako wafugaji na wakulima wanategemea visima na mabwawa yale yale wakati wa kiangazi, hili si jambo la hadithini tu. Hatimaye darasa lilihukumu hivi: Sungura amekosea kwa kukwepa kazi ya pamoja, kwa hila, na kwa kuchafua maji. Waliochimba wana haki ya kutangulia. Lakini hawana haki ya kumwacha jirani afe kwa kiu ilhali maji yamebaki. Hukumu hiyo waliitoa watoto wenyewe, na tungetamani kuisikia kwa watu wazima wengi.

KUHUSU MIZIMU NA VIUMBE VYA MAJINI

Lipo jambo ambalo hatulifanyii mzaha. Baadhi ya simulizi za wazee wetu zina itikadi za kabla ya Uislamu. Katika simulizi za kale za Wairaqw, kwa mfano, yumo Lo'a anayehusishwa na jua, na wamo netlangw, viumbe wa majini wanaoogopwa. Makabila mengine yana mizimu ya milimani na mitini. Mtoto wa Kiislamu lazima ajue kuwa jua ni kiumbe, maji ni viumbe, wala hakuna mwenye kuombwa ila Allah peke yake. Simulizi ya namna hii ikisomwa, isomwe kama habari ya namna watu walivyoamini, na mwalimu au mzazi awepo. Vivyo hivyo ule usemi kwamba anayesimulia ngano mchana ataota mkia hauna asili yoyote. Wazee walitaka tu watu wafanye kazi mchana.

HAZINA INAYOTUPONYOKA

Katika madrasa yetu wamo watoto wa Kirangi, Kigorowa, Kiiraqw, Kimbugwe na Kibarbaig, na wengine waliotoka mikoa ya mbali. Tulipowauliza nani anajua ngano moja kwa lugha ya bibi yake, mikono iliyonyooka ilikuwa michache mno. Sisi tuliokua tukisikiliza kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam tulikuwa na vyanzo viwili, redio na bibi. Mtoto wa leo ana simu ya baba yake, na katuni zenye maadili ambayo hakuna aliyeyapima.

Wakati huo huo wengine wanazithamini simulizi zetu. Maandishi ya Kiiraqw aliyoyakusanya Paul Berger yalichapishwa Ujerumani mwaka 1998 chini ya uhariri wa Roland Kiessling. Mtafiti Andrew Harvey amerekodi lugha ya Kigorowa hapa hapa Babati, na kazi hiyo imehifadhiwa katika hifadhi ya kimataifa ya lugha zilizo hatarini iitwayo ELAR. Tunawashukuru kwa kazi hiyo. Lakini bibi mwenyewe yuko hai, anaishi Bonga au Galapo au Magugu, na mjukuu wake hajawahi kumuuliza. Kumsikiliza mzee ni katika kumfanyia wema, na wema kwa wazee umeamrishwa.

WITO WETU

Hivyo basi, tunawaomba wanafunzi wetu katika likizo ijayo kila mmoja aende kwa bibi, babu au jirani mzee, amwombe ngano moja, aiandike kwenye daftari na kuja nayo. Adabu zake ni hizi:

1. Mwanzo wa daftari andika "ngano", wala usiiite Hadith, wala usiinasibishe na Mtume (S.A.W.) au swahaba yeyote.

2. Iandike kama ulivyoisikia, na maneno ya lugha ya nyumbani usiyaache. Muulize mzee maana yake.

3. Baada ya kuiandika jibu maswali mawili: nani amedhulumiwa, na dini yetu ingehukumu vipi?

4. Ngano isikuchelewishe kulala ukakosa swala ya Alfajiri. Mtume (S.A.W.) hakupenda mazungumzo baada ya Isha. Chagueni saa za jioni mapema.

Ndugu wazazi, Allah (S.W.) mwenyewe amewafundisha waja wake kwa visa, na visa vyake ni vya haki visivyo na shaka. Katika Suratun Naml ametueleza habari ya mdudu chungu aliyewaonya wenzake waingie majumbani mwao wasije wakakanyagwa na majeshi, na Nabii Sulayman (A.S.) akatabasamu kwa maneno yake. Na mwisho wa Suratu Yusuf ametubainishia kuwa katika visa vya waliopita mna mazingatio kwa wenye akili. Ngano za wazee wetu haziwezi kufikia daraja hiyo, wala hatuzisogezi karibu nayo. Lakini mtoto aliyezoeshwa kukaa, kusikiliza kisa hadi mwisho na kuuliza haki iko wapi, huyo atakapoifungua Suratu Yusuf atakuwa tayari ana masikio na moyo, vile alivyovikosa punda wa dobi.

Yule mzazi wetu bado hajakubali yote tuliyomwambia, na tunaendelea kuzungumza naye kwa wema. Lakini mwanawe ndiye aliyeuliza kama maji hayanyimwi.

Tunamwomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, awahifadhi wazee wetu, na awajaalie watoto wetu wawe wakweli wa maneno na waaminifu wa vitendo. Amin.